Kilichokuwa Chini ya Kofia Yako

Shemeji Khamis,

Nianze kwa kukupongeza, maana umezikwa na mtu mkubwa. Si kila maiti hubahatika. Mimi ambaye soko la Nakawa halifungui gunia la vitunguu mpaka nikohoe, mimi ambaye madereva wa malori ya Mbale wakiniona hushusha vioo na kuniuliza, "Jenerali, tupite?", niliacha shughuli zangu zote nikaja kukubeba. Na siku ile, nakuapia, wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya mtaa wetu wa Kisugu, jeusi kama sufuria ya msibani. Nilikuwa na jeneza begani. Nikaliangalia tu lile wingu, nikalifanyia hivi kwa kidole, likageuka likarudi ziwani. Muulize yeyote. Hukulowa hata uzi mmoja wa sanda.

Najua ungefanya nini. Ungesimamisha wembe hewani, ungenitazama kupitia kioo, useme: "Shemeji, hilo wingu lilikuwa na miguu mingapi?"

Hakuna anayeniuliza hivyo tena. Nasema maneno yangu, watu wanacheka, basi. Hawanisukumi mbele kidogo kama wewe.

Kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda mlima. Lakini kuna neno limenikaa kooni tangu tulipokuosha. Nimewapitia watu wote ninaowajua katika mji huu, mmoja mmoja, sikupata hata mmoja ninayeruhusiwa kumwambia. Umebaki wewe. Kilichoonekana ni chako, basi mwenye nacho hakatazwi kuambiwa.

Kwanza habari za nyumbani. Kioo chako kipo palepale, ule ufa wa pembeni haujaongezeka. Zile picha za mitindo ya nywele ukutani zimezidi kupauka, yule kijana wa mtindo wa sanduku sasa hana uso, ana nywele tu. Zena, binti yako, alifungua duka lako la unyozi tulipomaliza khitma. Amefunga kitambaa chako cha kazi, kile cha bluu, kinamfika magotini. Kiti amekishusha kidogo kwa sababu yeye ni mfupi kama mama yake, marehemu dada yangu Mariamu, Mungu amrehemu, aliyekuachia mtoto mchanga na fagio. Wale waliokuwa wakisema mtoto wa kike wa Kiislamu hafai kushika vichwa vya wanaume bado wanasema. Ninawajibu kwa maneno yako: "Kichwa kinachoogopa mkono wa binti yangu kikanyolewe na mamba." Nasema kama ni yangu. Utanisamehe.

Unakumbuka risasi ilivyozaliwa?

Benchi lilikuwa limejaa. Okello, yule polisi wa kambi ya Naguru mwenye shingo kama fahali, akanyoosha kidole akauliza hicho kinundu juu ya sikio langu la kushoto ni nini. Kabla akili haijafika, mdomo ulishafika. "Risasi," nikasema. Nikamwambia ya msituni, zamani za vita, nikiwa kijana, tukivuka mto ule ambao mamba wake wanakula hata chuma, na kwamba daktari wa jeshi aliogopa kuitoa kwa sababu ningesahau lugha zote saba ninazozijua. Benchi zima likageuka kunitazama. Nikakuona kwenye kioo, nikajua nimekwisha. Kidole chako kilikuwa juu ya ile risasi wakati huohuo. Ulijua ni laini kama ncha ya sikio, chunjua ya nyama tu niliyotoka nayo tumboni mwa mama. Ungecheka kidogo tu, ningekuwa kichekesho cha Kisugu mpaka kiama.

Hukucheka. Ulipitisha wembe polepole, na ulipofika pale, mkono wako wa pili, ule wasiouona, ukagonga bakuli la bati chini ya meza. Ting!

"Mmesikia?" ukasema. "Chuma hicho."

Okello akasimama akanipigia saluti. Polisi wa serikali, na buti zake! Tangu siku ile nikawa Jenerali, na kila mgeni alipokaa kwenye benchi nilisimulia, na kila nilipofika penye mto ulikuwa tayari na bakuli. Watu wanasema mimi ndiye bingwa wa kutunga. Hawakujui. Mimi nilihitaji msitu, mto, mamba na lugha saba. Wewe ulihitaji bakuli.

Na jinsi ulivyokuwa unakinyoa kile kinundu, hilo sikuwahi kulisema mbele yako, ungejivuna. Kwanza ulikuwa unaweka kidole gumba pembeni yake, taratibu, kama mtu anayeshika bega la mtoto aliyelala ili asishtuke. Halafu wembe unazunguka. Vinyozi wengine, nilipokuwa safarini, walinikata pale mpaka damu. Wewe kamwe. Nilidhani ni ufundi tu. Nilidhani mkono wako umezaliwa hivyo.

Na kofia yako hukuivua. Ile nyeupe ya kudarizi siku za kazi, ile ya kahawia sikukuu. Nilikutania mpaka nikachoka: "Shemeji, kinyozi anayeficha kichwa ni kama mpishi asiyeonja mchuzi wake." Ukanijibu: "Mpishi akila mbele ya wateja, wateja watabaki na nini?" Ulijinyoa mwenyewe asubuhi, nyuma ya pazia, kabla hujafungua mlango. Zena alikua akijua baba yake ana kofia kama watoto wengine wanavyojua baba zao wana pua. Dada yangu lazima alijua kilichokuwa chini. Alinyamaza akaenda nacho. Kumbe katika nyumba ile mwenye mdomo nilikuwa peke yangu.

Basi presha ikakuangusha mlangoni mwa msikiti, viatu vyako vikiwa bado mkononi, na mimi nikaitwa kukuosha kwa sababu huna ndugu wa kiume. Tulikuwa Sheikh na mimi, pazia limefungwa. Mimi nilishika birika. Sheikh akakuvua kofia.

Nikaona.

Kuanzia utosini kwenda nyuma, pana kama kiganja changu, na unakijua kiganja changu. Hapana unywele hata mmoja. Ngozi imeinuka ikajikunja, mikunjo ndani ya mikunjo, kama moyo wa kabichi lililokatwa katikati. Rangi yako mwenyewe, ngozi yako mwenyewe, safi, imepakwa mafuta. Maji ya birika yakanimwagikia miguuni. Wazo la kwanza lililonijia, nisamehe, ni kwamba akili zako zilikuwa nyingi, zikakosa nafasi ndani, zikatoka nje kuota jua.

Halafu nikaona kazi yako. Pembeni ya mikunjo yote ile ulikuwa umejinyoa mstari wa mviringo, laini, bila mkwaruzo, bila kovu hata moja la miaka yote. Kisogoni mwako mwenyewe! Mahali ambapo jicho halifiki! Ulifanya kwa vidole tu. Nimekaa kwenye kiti chako tangu nikiwa na ndevu mbili, sijawahi kuona unyozi safi kama ule, na hakuna mtu aliyewahi kuusifu kwa sababu hakuna aliyeuona. Kingekuwa changu, Shemeji, ningekitoza watu kiingilio. Ningesema ni ramani.

Sheikh aliniona. Alisubiri nilishike birika vizuri. Kisha akanitazama mimi, maana ananijua, akasema: "Abdallah, macho yameona. Ulimi haukuwepo."

Ndiyo ada yetu. Muoshaji akiona kitu mwilini, anakizika kabla hata ya maiti. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamimina maji pale polepole. Mikunjo ni mingi, kila mkunjo nikaupa maji yake, na nikaweka kidole gumba pembeni, kama ulivyonifundisha bila kunifundisha.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Duka lilipofunguliwa, nilikaa kwenye benchi kama kawaida yangu, nikisimulia habari za wingu. Kato wa chapati, yule jirani yako anayekaanga roleksi, zile chapati za kukunjia mayai, mlangoni na masikio yake yote yako ndani ya duka, akaingiza kichwa. "Jenerali, wewe ndiyo uliosha mzee. Ile kofia, chini yake iko nini?"

Shemeji, ningesema "nywele". Neno moja. Ningesema "upara". Ningesema ulificha humo dhahabu ya Wajerumani, wangecheka, Kato angegeuza chapati yake, yangekwisha. Nimedanganya maisha yangu yote bila sababu, na siku nilipopata sababu, nikashikwa na uchaji Mungu! Nikashusha macho kama mwari. Nikasema: "Siwezi kusema."

Chapati iliungua. Nakwambia niliisikia ikiungua.

"Banange, jamani," Kato akasema. "Kama Jenerali ananyamaza, hiyo kitu ilikuwa mbaya sana."

Mtu mwingine akinyamaza ni adabu. Mimi nikinyamaza ni tangazo la redio. Kufika magharibi ulikuwa na pembe. Pembe sikujali, pembe ni heshima. Kesho yake ikawa hirizi iliyoshonewa kwenye nyama. Hata hiyo ningeivumilia, hirizi ingeleta wateja. Lakini wiki haijaisha mtu akasema ni ugonjwa. Mapunye ya aina yake, yanayokula kichwa mpaka ndani, na ndiyo yaliyokuua, na yanapita kwenye mashine ya kunyolea na kitambaa kwenda kwa mtu mwingine. Hapo watu wakaanza kujishika vichwa. Niliwaona barabarani, wanajipapasa visogo kama wanaotafuta funguo.

Okello akaacha kuja. Akifika kona ya duka anavuka barabara, mwanaume mzima mwenye bunduki. Walimu waliokuwa wateja wako wakaacha. Benchi likabaki na mimi na paka. Zena alikuwa akifika asubuhi, anapanga nyembe, anamwaga spiriti kwenye kikombe, anafuta kioo, halafu anafagia sakafu isiyo na nywele. Mwenye nyumba naye akaanza kupita mlangoni huku akitazama paa, kama anayefikiria mpangaji mwingine. Siku moja binti yako akaniambia, bila kunitazama, kwamba mwezi ukiisha atafunga, kuna saluni mjini wanataka msichana wa kuosha wateja vichwa. Kuosha, Shemeji. Yule anayeweza kuchora mstari wa ndevu kama ulivyochorwa kwa rula.

Nilijaribu kurekebisha. Nikasema ni upara. Wakasema, "Anaficha." Nikasema ulikuwa na mvi nzuri kama pamba. "Anaficha." Nikamwapia Kato kwamba ulikuwa na nywele ndefu mpaka mabegani. Akanipa chapati bure, akanishika mkono, akasema, "Pole, ssebo. Tunajua ni nzito." Uongo wangu wote, ule uliowahi kumpigisha polisi saluti, haukununua hata huruma ya kweli. Waliuamini ukimya wangu kuliko walivyowahi kuuamini mdomo.

Na Zena akaniuliza. Hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa ameshika kofia yako, ile ya kahawia, anaikunja na kuikunjua. "Mjomba, baba alikuwa na nini?"

Nikamwambia, "Baba yako alikuwa na heshima."

"Mjomba. Sikuuliza hivyo."

Ningefungua mdomo, mara moja, duka lingepona. Ningesema tu: alama ya ngozi, haina ubaya, haiambukizi, niliiosha kwa mkono huu. Lakini ulikuwa naye nyumba moja tangu azaliwe. Kama ungetaka ajue, ungemwonyesha. Hukumwonyesha. Mimi ni nani nivue kofia ambayo wewe hukuivua? Nikamwambia macho yangu yana vitunguu, nikaondoka.

Na kweli nilikwenda kwenye vitunguu. Nilikaa juu ya magunia yangu Nakawa nikimenya kimoja ovyo ovyo, ganda baada ya ganda, na hapo ndipo ile siku ya hospitali ikanirudia. Nadhani unaijua ninayoisema.

Wewe ndiye uliyenipeleka. Ulisema kinundu changu kimebadilika rangi upande mmoja, na ulinisumbua Ijumaa baada ya Ijumaa mpaka nikakubali. Njia nzima nilijigamba, tulipofika mlango wa daktari nikakwambia wewe utangulie. Yule daktari mwanamke, kijana, ana kile kidude chenye taa na kioo, akanimulika. Akasema ni chunjua ya kuzaliwa, haina neno, si saratani, haimwambukizi mtu. Akasema nikiona inakua haraka, inawasha, inatoa damu au inageuka sura, nirudi bila kuchelewa. Mimi nilishasimama, nishavaa kofia. Wewe ukabaki umekaa.

"Daktari," ukasema, "na likiwa kubwa? Kama kiganja?"

Akasema yapo.

"Na likiwa na mikunjo? Kama kabichi? Na mtu analo tangu utotoni?"

Akasema hayo ni ya nadra lakini yapo, mengi hayana madhara, ila yanafaa kuangaliwa kwa macho, na kwamba huyo mtu aje. Ukasema, "Nitamwambia." Tulipofika nje, karibu na mama wa ndizi za kuchoma, ukasema umesahau mwavuli. Ukarudi ndani. Nilikula ndizi zangu nikamaliza, nikala na zako. Ulipotoka ulikuwa unacheka peke yako, mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Mwavuli huna.

Nilikutania kwa yule daktari miaka mingapi, Shemeji? "Mwavuli wako hajambo?" Mbele ya benchi zima. Hukujibu hata siku moja. Ulitabasamu tu, ukageuza kichwa changu upande wa pili.

Ulikaa na hofu ile tangu utoto, ukampeleka kwanza mwenzako.

Nikatupa kitunguu. Nikajua la kufanya, na ujue kwamba katika vita vyote nilivyopigana, vile vya kweli na vile vyangu, hakuna kilichonigharimu kama kile.

Ijumaa, kabla ya sala, watu wakiwa wanapita kwa wingi, nikaenda kwa Okello penye kona yake nikamshika mkono wa shati. Nikamwita Kato aache jiko. Nikawaita vijana wa bodaboda, hao huhitaji kuwaita, wanakuja penye kelele kama nzi. Nikaingia dukani, nikakaa kwenye kiti, nikamwambia Zena afungue mlango wote. Nikavua kofia.

"Okello," nikasema, "njoo uguse risasi."

Zaidi yako, hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Akasogea kama anayekaribia kaburi la walii. Akaweka kidole. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena.

"Jenerali. Hii ni nyama."

"Ni nyama," nikasema. "Ni chunjua. Nimezaliwa nayo. Msitu sikuuona, mto nilivuka kwa daraja, na nimelipa nauli. Haya, Kato, na wewe gusa. Guseni wote! Kiti ni hiki, mashine ni ile, kitambaa ni kile cha bluu, na Khamis alininyoa hapa maisha yangu yote. Wewe Okello ulikuwa ukinifuata kwenye kiti. Kato ulikuwa ukimfuata Okello. Kama vitu vya kichwani vinarukaruka kama viroboto, vyenu viko wapi? Jishikeni! Nani ameota?"

Wakajishika. Naapa, mtaa mzima ulijishika kichwa.

"Daktari mwenyewe alinimulika kwa taa, akasema chunjua haimwambukizi mtu. Hata ukilala nayo kitanda kimoja. Haya, semeni."

Mikono ikabaki vichwani. Halafu Kato, Mungu ambariki kwa ujinga wake, akapiga makofi. "Aaa! Ndiyo maana ulinyamaza! Ile siku! Mzee alikuwa anajua siri yako, wewe ukaogopa! Ulikuwa unaficha risasi yako!"

Shemeji, unaona? Nilifungua mdomo kumkatalia, nikaufunga. Kwa mara ya pili tangu nizaliwe. Walijitafutia jibu wenyewe na likawaridhisha, na ndani yake wewe hukuwemo. Kofia yako ikarudi kuwa kofia tu.

Okello alibaki amesimama, anafikiria. "Kwa hiyo," akasema, "mimi nilipigia saluti chunjua?"

"Ndiyo, afande. Na iliipokea."

Walicheka mpaka mmoja akakalia jiko la Kato, na hilo si la kutunga, suruali ipo. Zena akaninyoa mbele yao wote, na nilipoinuka, Okello akakaa. Mwenyewe. Akavua kofia yake ya polisi akampa paka.

Benchi limejaa tena. Juzi kulikuwa na foleni mpaka kwa Kato, anauza roleksi kuliko zamani, anasema ni akili yake. Mwenye nyumba hatazami paa tena. Mimi wananiita Jenerali bado, ila sasa wanasema "Jenerali wa Chunjua", na watoto wa shule wananipigia saluti wakikimbia. Nakohoa, napita. Uzito wa jina hilo naujua mimi na wewe.

Sheikh naye nilikutana naye mlangoni. Hakuuliza. Alinishika tu hapa, juu ya sikio la kushoto, kwa kidole kimoja, kama anayenibariki, akasema, "Kumbe ulimi nao unaweza kuosha." Sijaelewa vizuri. Nimeamua ni sifa.

Nikimaliza kuandika nitaitia karatasi hii kwenye sigiri ya Zena, ile anayochemshia maji. Uliyoyaficha yatabaki yalikofichwa, hata nikizeeka nikapayuka, nitapayuka ya mito na mamba, hayo hayaishi. Kinundu changu nitakiangalia kama ulivyokiangalia. Zena amekwisha kunionya: kikibadilika atanifunga kamba anipeleke kwa yule daktari. Nami naahidi nitatangulia kuingia mlangoni. Au tutaingia pamoja. Na yeye nitamtunza, ingawa ukweli ni kwamba anayemtunza mwenzake simwoni vizuri.

Pumzika, Shemeji. Huko uliko hakuna wa kuficha wala wa kufichwa, vua kofia upate upepo.

Bado moja, na hili nalisema kwa sauti ndogo.

Ile Ijumaa, nilipokaa na mtaa wote umesimama mlangoni, Zena alinipaka povu, akaweka wembe, akausimamisha. Akanipapasa kichwa chote kwa kiganja. Mara mbili. Ni mara yake ya kwanza kuninyoa, hukuwahi kumwachia. Akainama sikioni kwangu. "Mjomba," akanong'ona, "hapa ninyoe nini?"

Nikamwambia, "Nyoa alivyonyoa baba yako."

Akafikiri kidogo. Halafu akageuza wembe, akapitisha mgongo wake, krrr, krrr, taratibu, akaweka kidole gumba pembeni ya kinundu bila kuambiwa na mtu, akazunguka. Akasema kwa sauti, wote wasikie: "Mjomba, nywele zako ngumu, utanimalizia nyembe!" Na alipomaliza akakichukua kitambaa cha bluu, akatoka nacho mpaka mlangoni, akakikung'uta kwa nguvu, kama ulivyokuwa ukifanya kila Ijumaa, na hakikuanguka kitu.

Sina nywele, Shemeji. Sijawa nazo kwa miaka na miaka. Ulijua, na bado kila Ijumaa uliniuliza, "Leo tupunguze kiasi gani?"

Shemeji yako,
Abdallah